Paka Asiyelipiwa

Niseme mapema: mimi sipendi paka. Niliolewa huku Masisi nikitokea Kalembe, na kwetu paka ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine. Anakamata panya, anatupiwa kichwa cha samaki, analala nje. Mama mkwe wangu Adelaïde aliwapokea kama wageni waliotoka safari ya mbali. Akiingiza paka mpya nyumbani, kwanza alimwosha miguu. Ndiyo, miguu, yote minne, kwa maji ya uvuguvugu, kisha akaipaka majivu ya jiko letu ili asahau njia ya kwao. Baada ya hapo alimfunga kwenye tendegu la kitanda chake siku tatu, kwa kamba ya mgomba, akimlisha sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwa mkono na kumweleza mambo ya nyumba: nani ni nani, mlango wa nyuma unafungwa saa ngapi, mbuzi yupi ana hasira. Mimi nilipoolewa sikuelezwa hata nusu ya hayo.

Kabla ya vita tulikuwa na paka mmoja tu. Vita vilipopanda mlima wetu, mwaka juzi, maharagwe yalikuwa karibu kuvunwa. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, godoro, sufuria, na anaburuta mbuzi kama mbuzi anakubali. Paka habebwi. Watu husema paka ni wa nyumba, abaki alinde mbegu mpaka turudi. Na kila mtu siku ile aliamini atarudi kabla ya Jumapili.

Sisi tulishuka mpaka Kirotshe, tukalala wiki sita katika darasa la shule, familia nne chumba kimoja. Kisha mume wangu Marcellin akasema afadhali afe akiyaona maharagwe yake. Tulikuwa wa kwanza kupanda tena. Nyumba nyingi hazikuwa na milango, watu wenye bunduki walikuwa wameichoma kama kuni. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na paka, wamekonda, wanalia kwenye vizingiti vya wenyewe.

Mama mkwe hakumaliza hata kufagia nyumba yetu. Alijifunga kitenge na kwenda nyumba kwa nyumba na kikapu chenye kifuniko. Siku ya kwanza alirudi na paka wawili, siku ya tatu na mwingine, mwishoni wakawa watano pamoja na wetu. Marcellin alimuuliza kama anafungua hoteli. Akamjibu kwamba hoteli ingekuwa na wageni wenye adabu kuliko yeye. Mama mkwe alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya juu na ulimi usiolala, na nilimpenda, ingawa miaka ile ya kwanza nisingekubali kusema hivyo hata kwa padri.

Kuna jambo moja mtu wa mbali lazima aelewe. Kwenye mlima huu paka hachukuliwi bure. Ukimchukua wa mtu, unamlipia kitu kidogo, kuku au kibaba cha maharagwe, ndipo anakuwa wako na kuacha kurudi alikotoka. Jirani yetu Papa Paul alikuwa amehamia Goma moja kwa moja na kuuza shamba lake, kwa hiyo mama mkwe alimtumia maharagwe kwa ajili ya paka wake mweusi. Wenyewe wa wale wengine wawili hawakujulikana wako wapi, wala kama wako hai. Kwa hao alikwenda kwenye vizingiti vyao na kuacha konzi ya maharagwe chini, akasema maneno machache, akaondoka bila kugeuka. Nilimcheka. Nilisema ndege ndio wamelipwa.

Wa tano hakumlipia. Huyo alikuwa wa Epiphanie, jirani wa ng'ambo ya bonde, jike jeupe lenye doa la rangi ya kutu usoni, jina lake Madame kwa sababu lilitembea kama linaogopa kuchafua viatu. Nilipouliza kwa nini Madame hapakwi majivu wala hafungwi, mama mkwe aliacha kuchambua mboga.

“Paka ya muntu mwenye atarudi, hapana kuilipia,” alisema. “Ukilipa, ni kusema: kwaheri, hapa hauko na kitu tena. Epiphanie atarudi. Miye namuchungia tu.”

Epiphanie na mama mkwe walilima mashamba yanayopakana kwa zaidi ya miaka thelathini. Waligombana kuhusu mpaka mara mbili, na mara zote mbili walipatanishwa na mvua, maana ilisomba mpaka wenyewe. Mwaka ule watu wetu na watu wa kabila la Epiphanie walipokatana mapanga, Marcellin akiwa mtoto wa miaka minne, Epiphanie alimficha chini ya kitanda chake siku mbili, na mlangoni alikalia kigoda akimenya viazi kana kwamba hakuna jambo. Mama mkwe alinisimulia hayo mara moja tu. Hakulia. Alisema tu, “Hata sasa hajaniambia alimulisha nini.”

Sasa Epiphanie alikuwa Minova, kando ya ziwa, kwa watu waliompokea, pamoja na binti yake Gentille. Mume wake alikufa zamani. Mwanawe Jean-Luc alikuwa Mubi, kule msituni Walikale, akiuza vipuri vya pikipiki. Alimwita mama yake kila mwezi, na kila mwezi mama yake alimkatalia. Salamu zilipita kwa watu wa soko: Epiphanie anauliza mparachichi wake kama umezaa, Adelaïde anasema umezaa na ngedere wanashukuru. Mama mkwe aliishi kwa salamu hizo. Nilijua siku ya soko kwa jinsi alivyokaa tangu saa tisa akitazama njia.

Lakini Madame hakukubali kuchungwa. Kwa kuwa hakufungwa wala hakulipiwa, kila alasiri alivuka bonde kwenda kukaa katika nyumba ya Epiphanie, ambayo ilikuwa imebaki kuta na nusu ya mabati. Na kila alasiri mama mkwe alimfuata. Alishuka ule mteremko wa udongo mwekundu, akapita kijito kwa kushika nyasi, akapanda upande wa pili, akarudi na paka kifuani. Upande ule wenye bunduki walipita mara kwa mara. Mara mbili tulisikia risasi naye yuko kule. Marcellin alimkaripia, nikamkaripia, hata katekista akaja kumshauri. Mama mkwe alisema, “Epiphanie akirudi, nitamwambia nini? Paka yako ililala na bunduki?”

Mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa nyingi, alianguka. Tulimkuta pembeni mwa kijito, matope mpaka shingoni, nyonga imevimba, na Madame amekaa juu ya jiwe akijilamba. Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kiasi cha kuniogopesha. Siku kumi alitembea kwa kujishika ukutani, na siku ya kumi na moja akatafuta fimbo ili avuke tena.

Hapo ndipo nilipotenda nililotenda. Sitajitetea. Niliogopa atakufa kwa ajili ya paka, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba nilikuwa nimechoka, nilikuwa na mimba ya miezi mitano, nami ndiye niliyefua kila kitenge cha matope. Nikajiambia: dawa inajulikana. Paka akilipiwa anatulia. Haya ya kwaheri na kurudi ni maneno ya wazee wawili wanaopenda kufanya kila kitu kiwe kizito.

Ijumaa nilishuka soko la Kirotshe na kuku wangu mwenyewe, mwenye madoadoa, anayetaga. Nilijua Gentille huja na mtumbwi kununua sambaza za kwenda kuuza Minova. Nilimkuta na beseni kichwani, anaitwa na wenzake, mtumbwi unaondoka. Nilimsukumia kuku mkononi.

“Peleka kwa mama yako. Inatoka kwa Mama Adelaïde. Umwambie ni ya paka.”

“Aksanti, dada! Atafurahi sana,” alisema Gentille, akakimbia.

Sikumtaja mama mkwe kwa ubaya. Nilimtaja ili kuku apokelewe kwa heshima. Nilipanda mlima nikiimba.

Na Madame alitulia kweli. Labda ni mvua, labda ni kwa sababu alikuwa karibu kuzaa, maana wiki mbili baadaye alizaa watoto watatu ndani ya kapu la mahindi. Lakini mimi nilijipongeza. Mama mkwe hakufurahi hata kidogo. Alasiri alikaa mlangoni na fimbo yake, akimtazama paka aliyelala. “Juu ya nini haiende tena?” aliuliza. “Iko mugonjwa? Ao imechoka kungoja?” Nilisema paka nao wanapata akili. Akanitazama kwa muda, kisha akarudi kumtazama Madame.

Salamu kutoka Minova zilikatika. Siku ya soko ya kwanza hatukushangaa. Ya pili mama mkwe alisema labda Epiphanie ana mafua. Ya tatu alituma ndizi na watu wa soko, na jibu lilikuwa kwamba wenyewe wamehama. Alinituma nipande mpaka penye réseau ya simu nipige namba ya Gentille. Iliita bila kupokelewa. Baada ya Noeli tukasikia kwa dereva mmoja wa lori kwamba Epiphanie ameonekana Mubi kwa mwanawe. Mama mkwe alirudia neno hilo siku nzima. “Mubi. Epiphanie, Mubi? Ye mwenye anakataaka joto ya Goma?” Kisha akajipa moyo, akasema amekwenda kusalimia, atarudi kupanda.

Mimi nilianza kumkumbuka yule kuku, nikamfukuza kichwani. Nilijifungua mtoto wa kike, kulikuwa na kazi nyingi, na mwenye kazi nyingi hakosi pa kujificha.

Gentille alikuja mwezi wa tano, peke yake, na jembe jipya begani. Alikuwa amenyolewa kichwa. Kwa hicho kichwa tulijua kabla hajafungua mdomo. Mama mkwe alisimama bila fimbo, akasimama tu, mikono imening'inia, kisha akakaa tena pale pale alipokuwa. Mimi nilikuwa kwenye ungo nikichambua mbegu.

“Mama alikufa mwezi wa tatu,” alisema Gentille. “Ni malaria ya pori. Sisi batu ya mulima hatuizoee. Alilala siku ine tu.”

Mama mkwe alitaka kumshika mkono. Gentille aliurudisha mkono wake taratibu, si kwa ukali. Akaendelea akitazama chini.

“Nilikuya kukuuliza kitu moja, Mama, alafu niende. Siku ile ya kuku, tulikuwa tumefunga mizigo. Mama alinunua hata mbegu. Tungepanda mulima kurudi huku siku ya ine. Nikafika na kuku, nikasema inatoka kwa Mama Adelaïde, ni ya paka. Mi sikujuaka hizo mambo. Mama akashika kuku, akakaa chini. Akasema, ‘Adelaïde amelipa. Basi, kule siko na kitu tena.’ Akafungua mizigo. Ile kuku hakuikula, aliipa jirani. Njo ile wiki aliitika Jean-Luc, tukaenda Mubi.” Akainua uso. “Nauliza tu. Tulikukosea nini?”

Najua punje za maharagwe zilikuwa mkononi mwangu na sikuweza kuziachia. Mama mkwe hakuuliza kuku gani. Aligeuza kichwa, akanitazama mimi. Aliona kila kitu usoni pangu, siku ya soko, kuku mwenye madoadoa niliyesema ameliwa na kicheche, wimbo niliopanda nao mlima. Nilifungua mdomo.

“Elisabeth,” alisema, “enda utafutie mugeni maji.”

“Mama, mimi...”

“Maji, nimesema.”

Nilikwenda. Mungu anisamehe, nilikwenda. Mtungi uko nyuma ya nyumba, hatua ishirini, na ukuta wetu ni wa miti na udongo. Nilisikia kila neno.

“Hamukunikosea kitu,” mama mkwe alisema. “Niliona hii situation ya vita haiishe. Nikafikiri hamutarudi tena. Njo nikatuma kuku.”

“Ulifikiri tu?”

“Nilifikiri.”

“Yeye kila siku alikuwa anasema, Adelaïde ananingoja.”

Niliporudi na kikombe, Gentille alikuwa amesimama, jembe begani, uso umefungwa. Alipokea maji kwangu kwa mikono miwili, akanywa, akaniambia, “Aksanti, dada.” Nilimwambia, kwa sauti isiyokuwa yangu, amchukue Madame na watoto wake. Alitikisa kichwa. “Paka ililipiwa,” alisema. Akashuka bondeni.

Nilingoja nitukanwe. Nilimjua mama mkwe, angeweza kumkemea mtu mpaka kuku wa jirani wakimbie. Lakini siku hiyo alipika, tukala, akaenda kulala. Kesho yake tulikwenda kupalilia, na katikati ya mstari nilishindwa, nikatupa jembe na kupiga magoti kwenye matuta, nikamwomba aniruhusu nimfuate Gentille nimwambie ukweli. Aliendelea kupalilia mpaka akanifikia.

“Ukimwambia, utajisikia muzuri,” alisema. “Alafu? Epiphanie alikufa akisema nilimufukuza. Ile hata ukisema haibadilike.”

“Lakini Gentille anakuchukia bure!”

“Gentille atajenga pale ng'ambo. Shamba yake na yako inapakana. Mutoto wako akichomeka na moto, Marcellin hayuko, utaita nani? Miye niko na siku ngapi? Hii kinyongo iwe kwangu, nitaenda nayo. Ikiwa kwako, watoto yenu wataikula.”

Nilisema haikuwa haki. Aliniambia niinuke, nimekalia miche. Kisha, akiwa ameinama bado, mabega yake yakaanza kutikisika, na mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akilia alilia kwa sauti kubwa katikati ya shamba, akimwita Epiphanie kwa jina, akimwambia, “Nilikungoja, nilikungoja, weye mujinga, kuku njo ikufanye usikuye?” Nilimkumbatia kiunoni. Hakunisukuma. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kipigo chochote.

Gentille amejenga. Marcellin alimsaidia kuezeka, na Jean-Luc alituma mabati kutoka Mubi. Ameolewa na fundi wa Kirotshe, mtu mpole. Sisi wawili tumekuwa kama alivyotaka mama mkwe: tunakopeshana chumvi, tunalindiana watoto, tunapalilia pamoja na kucheka. Gentille hucheka kama mama yake, wanasema, akishika mbavu. Kila anapocheka nami nataka kusema, na kila mara nakuta kwamba jirani mwema ni kitu kigumu kutupa. Ndivyo nilivyo. Nyumba yangu imejengwa juu ya uongo wa mwanamke mzee, na ndani yake nalala vizuri kuliko ninavyostahili.

Mama mkwe hafugi tena paka wa watu. Wale wa zamani wapo, amebaki nao, lakini mwezi uliopita katoto ka paka kalikuja kulia kizingitini mwetu, na alimwita Marcellin akakapeleke kwa jirani mwingine. Nyonga haikupona sawasawa. Hukaa mlangoni akimenya maharagwe.

Jumamosi hii Gentille alikuja na mtoto wake mchanga mgongoni. Alisema katekista ameandika siku ya ubatizo, na anataka mimi niwe marraine, mama wa ubatizo. Nilimuuliza mtoto atapewa jina gani, ingawa nilijua.

“Epiphanie,” alisema. “Kwenye hii nyumba, weye njo ulikuwa unamupenda.”

Nilisema ndiyo. Ningesema nini? Nilimpokea mtoto, nikamnusa kichwa, nikamrudisha haraka mgongoni kwa mama yake. Mama mkwe alikuwa palepale mlangoni, hatua tatu kutoka kwetu, na alikuwa amesikia jina. Aliinua uso kutazama kile kichwa kidogo kinachochungulia kwenye kitenge. Gentille aliniaga mimi, akatoka bila kumsalimia, kama anavyotoka siku zote. Mlango wetu ni mwembamba. Adelaïde alivuta miguu yake ndani ili Gentille apate njia ya kupita.